Ngazi Ambazo Chiriku Hakuziulizia

Kila siku akitoka shuleni, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kuvua sare na kuitundika, kuosha vyombo vya mchana, na kumsindikiza Bibi kuizunguka nyumba mara nne. Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda, maana ilikuwa ya mdomo zaidi kuliko ya mikono. Bibi alitembea polepole na fimbo yake, na Chiriku alizungumza. Jina hilo alipewa na Bibi mwenyewe alipokuwa na miaka mitatu, kwa kuwa ndege aitwaye chiriku akishaanza kulia hanyamazi. Sasa Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na kunyamaza alikuwa bado hajajifunza.

Bibi alizungushwa hivyo kwa sababu ya goti. Daktari alikuwa amelitibu kwa miezi miwili, kisha akamwambia, "Mama, kwenye tambarare tembea upendavyo. Lakini ngazi ziogope kama moto."

"Bibi, ni kweli hujawahi kufika kisiwani hata mara moja?" Chiriku aliuliza siku moja, ingawa jibu alilijua.

"Hata mara moja."

"Kwa miaka yote thelathini?"

"Thelathini na miwili. Usinipunje."

Zamani, kabla ya kuhamia kwa mwanawe, Bibi alikuwa mkata tiketi kwenye gati la kivuko. Kivuko kilipeleka watu kwenye kisiwa kilicho katikati ya ziwa, ambako kuna hifadhi ya kobe wakubwa, swala, na ndege wasiohesabika. Bibi alikaa dirishani akiwakatia tiketi watalii, wanafunzi, maharusi, hata wachungaji na mashehe. Kila kivuko kilipoondoka, yeye alibaki dirishani akipanga vishina, vile vipande vya tiketi vinavyobaki baada ya kuchanwa. Siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ambayo kivuko nacho kilipumzika. Likizo zake zote zilikwenda shambani na kwenye kulea. Basi mwanamke aliyewavusha maelfu ya watu hakuwahi kuvuka mwenyewe. Duniani kuna mambo!

Jioni hiyo Baba alirudi kazini akiwa na habari. Baba alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alisema mengi kwa pupa. Shule zikifungwa, familia nzima ingekwenda kumpeleka Bibi kisiwani. Wangefika Ijumaa alasiri, wavuke Jumamosi, na warudi nyumbani Jumatatu.

Bibi aliivua miwani yake, akaifuta kwa upande wa kanga, akaivaa tena. Halafu akaivua na kuifuta mara ya pili.

"Tutahitaji hoteli karibu na gati," Baba aliendelea. "Hoteli ya wastani. Si ya matajiri, na si ya kunguni. Chiriku, wewe una ulimi na mwandiko mzuri. Utapiga simu, utauliza, utaandika. Kuanzia leo wewe ni katibu."

Chiriku alivimba kichwa mara moja. Alichukua daftari jipya, akalichora mistari, akamwendea kila mtu kupokea swali lake. Baba alitaka kujua bei, na kama chai ya asubuhi imo ndani ya bei hiyo. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, alitaka kujua kama shuka hubadilishwa na kama vyandarua havina matundu. "Na usiniandikie 'ndiyo' tu," alionya. "Mimi tundu naliona hata likiwa limejificha."

Bibi alifikiri kidogo. "Mimi niulizie kitu kimoja tu, mjukuu wangu. Ngazi ni ngapi?"

Chiriku aliandika: *Ngazi ni ngapi?* Lakini alikuwa na swali la nne, lake mwenyewe, ambalo hakuliandika popote. Alitaka bwawa la kuogelea. Mwenzake wa dawati moja alikuwa ameogelea katika bwawa la hoteli, na tangu likizo iliyopita darasa zima lilikuwa linasimuliwa jinsi maji yake yalivyo ya bluu hadi chini. Chiriku alikuwa amerithi vazi la kuogelea kutoka kwa binamu yake, na halijawahi kuguswa na tone la maji. Lilikaa sandukuni likinuka dawa ya nondo.

Jumamosi alikaa sebuleni na simu ya Mama. Hoteli ya kwanza ilikuwa ghali mno, akaipiga mstari. Ya pili ilitazamana na gati. Simu ilipokelewa na mwenye hoteli mwenyewe, mwanamke mwenye sauti ya upole, naye alijibu maswali yote bila haraka. Bei ilikuwa ya kuridhisha, ila chai ililipiwa mbali. Shuka hubadilishwa kila siku.

"Na ngazi, mama?"

"Vyumba vyote viko chini, mwanangu. Kuna kidato kimoja tu pale mlangoni."

"Bwawa la kuogelea je?"

Mwanamke alicheka. "Bwawa la nini tena, na ziwa lote lile liko mbele ya mlango!"

Chiriku alishukuru na kukata simu, akiwa amenywea. Akapiga ya tatu. Kijana wa mapokezi alikuwa mchangamfu kama mtangazaji wa redio. Bei ilikuwa ileile, chai imo, vyandarua ni vipya. "Na bwawa lipo, dada! Maji yanabadilishwa kila wiki. Halafu chumba cha familia ni kizuri ajabu. Ukisimama dirishani, unaliona ziwa lote mpaka ng'ambo."

Moyo wa Chiriku uliruka kwa furaha, kisha ukasita. Ziwa lote mpaka ng'ambo? Huwezi kuliona ziwa lote ukiwa chini. Swali la Bibi lilikuwa pale mbele yake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Alilitazama. Alifungua mdomo.

"Kuna jambo lingine, dada?" kijana aliuliza.

"Hapana," alisema Chiriku. "Asante sana."

Akaikata simu haraka, kama mtu anayefunga mlango mvua isiingie. Kwenye nafasi ya ngazi aliandika neno moja: *Hawakusema.* Akajiambia kuwa si uongo. Kweli hawakusema.

Baada ya chakula cha jioni, Baba alilisoma daftari kwa sauti. Chai ya bure ilimvutia, na hilo Chiriku alilijua mapema. Alipofika kwenye ngazi alisimama. "Hawa wenye bwawa, ngazi vipi?"

"Hawakusema, Baba."

"Basi hazipo. Zingekuwapo wangesema."

Bibi alimtazama Chiriku kwa muda. Kisha akasema, "Kama hawakusema, hawakusema," na akaendelea kumenya chungwa lake. Hoteli ya bwawa ikachaguliwa. Usiku ule Chiriku, aliyezoea kulala kabla ya kumaliza sentensi, aligeukageuka kitandani kwa muda mrefu.

Siku zilikwenda, Ijumaa ikafika. Waliposhuka teksi mbele ya hoteli, kitu cha kwanza Chiriku alichokiona ni bwawa, la bluu hadi chini kama alivyosimuliwa. Kitu cha pili kilikuwa ngazi. Hoteli ilikuwa ya ghorofa, nyembamba na ndefu, na ngazi zake za saruji zilipanda zikakunja, zikapanda tena zikakunja.

"Vyumba vya familia viko ghorofa ya tatu," alisema kijana wa mapokezi, yuleyule mwenye sauti ya redio.

"Lifti iko wapi?" aliuliza Baba.

"Hatuna lifti, mzee."

"Basi tupe chumba cha chini."

"Chini ni ofisi, jiko na ukumbi wa mikutano tu. Samahani sana."

Baba alianza kupandwa na hasira. "Sasa mbona hamkusema?"

"Hatukuulizwa, mzee."

"Hamkuulizwa!" Baba alipiga kaunta kwa kiganja. "Binti yangu aliuliza kila kitu na akaandika! Daftari hili hapa. Mnaficha ngazi ili mpate wateja, halafu mnamsingizia mtoto?"

Kijana alimtazama Chiriku. Chiriku alitazama viatu vyake. Kijana angeweza kusema mengi, lakini alisema kwa sauti ndogo, "Basi huenda nilisahau, mzee. Nisamehe."

Teksi ilikuwa imeondoka, hoteli ya gatini ilikuwa mbali kwa goti la Bibi, mizigo ilikuwa mizito, na jua lilikuwa linazama. "Ah, tupande tu," alisema Bibi. "Ngazi si mlima." Alipanda huku ameshika ukuta, Mama akimshika mkono wa pili. Alihesabu kila kidato kwa sauti, kwa mazoea ya miaka thelathini na miwili ya kuhesabu. Vilikuwa hamsini na vinne. Baada ya cha thelathini sauti yake iligeuka na kuwa pumzi tu.

Chiriku aliingia bwawani jioni hiyo. Mama alimwambia, "Nenda basi, si ulikuwa unaliota?" Akavaa vazi lake lenye harufu ya dawa ya nondo, akashuka ndani ya maji, akasimama humo hadi kifuani. Maji yalikuwa baridi. Alikuwa peke yake. Kila alipoinua macho aliliona dirisha la ghorofa ya tatu, na hakukaa hata robo saa.

Asubuhi ya Jumamosi goti la Bibi lilikuwa limevimba kama mpira. Hata kulikunja hakuweza, sembuse kushuka vidato hamsini na vinne. Kivuko kilikuwa kinaondoka saa mbili. Saa moja na nusu honi ya kwanza ililia. Bibi alikuwa ameketi kitandani, amevaa gauni lake jipya, mguu umenyooshwa juu ya mto.

"Nendeni nyinyi," alisema. "Picha mtanipigia. Mimi nimezoea kuona watu wakienda."

Aliyasema maneno hayo bila uchungu, kama mtu anayetaja saa. Chiriku hakuweza kuvumilia zaidi. Alianza kulia, si kilio cha kudeka, bali kilio cha kwikwi kinachotoka tumboni.

"Sikuuliza!" alisema. "Sikuuliza, Bibi! Hawakunificha. Nilijua ziko, ndiyo maana sikuuliza. Nilitaka bwawa. Ile ya gatini ina kidato kimoja tu, niliandika, lakini haina bwawa."

Huko chini honi ya pili ililia, kisha ikasikika ngurumo ya injini ya kivuko, ikizidi kwenda mbali. Mama aliziba mdomo kwa mkono. Baba alitazama dirishani mpaka kivuko kikawa kidogo.

"Jana nilimgombeza mtu," alisema hatimaye. "Nilimwita mwongo mbele ya mke wangu na mama yangu, kwa sababu nilikuamini wewe. Yule kijana alinyamaza ili akusitiri. Twende chini."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo ngazi zote hamsini na nne zilikuwa ndefu kwa Chiriku. Kwenye kaunta alisema alichotakiwa kusema, bila kupunguza. Kijana alisikiliza, akakuna kidevu.

"Mimi pia nina la kwangu," alisema. "Uliponiulizia chumba cha familia nzima, nilijua huenda kuna mzee asiyeweza ngazi. Ningeweza kukuambia bila kuulizwa. Nilikuwa na haraka ya kujaza chumba." Akamgeukia Baba. "Mzee, siku mbili zilizobaki nitazifuta. Hiyo ya gatini naijua. Nitawapigia sasa hivi."

Baba alimpa mkono. "Na mimi uniwie radhi, kijana wangu. Nilipayuka."

Hoteli ya gatini ilikuwa na chumba kimoja tu kilichobaki, chenye vitanda vitatu. Chiriku alisema kabla hajaulizwa kwamba yeye atalala kwenye godoro sakafuni. Ilibaki kazi ya kumshusha Bibi. Baba, kijana wa mapokezi, na wapishi wawili wa hoteli walimketisha kwenye kiti chenye mikono, wakambeba kidato kwa kidato. Bibi alishikilia fimbo yake kama mkuki.

"Polepole, wanangu. Hata siku ya harusi yangu sikubebwa hivi," alisema. "Na mume wangu alikuwa na nguvu kuliko nyinyi wote wanne." Mpishi mmoja alicheka hadi ikabidi kiti kitue kidogo. Chini teksi ilikuwa ikiwasubiri.

Mchana kutwa Chiriku alikuwa muuguzi. Mwenye hoteli aliwapa barafu, na kila nusu saa Chiriku aliifunga barafu ile kwenye taulo na kuiweka juu ya goti la Bibi, dakika kumi kwa saa ya ukutani, asizidishe wala kupunguza. Hakuambiwa na mtu. Mambo ya bwawa hakuyataja tena. Kupitia dirishani waliona kivuko kikirudi saa kumi na moja, watu wakishuka na kofia zao, watoto wakiwa na manyoya ya ndege mikononi.

"Kesho ni Jumapili," alisema Chiriku kwa woga. "Keshokutwa kivuko hakiendi. Bibi, goti likikataa kesho?"

"Likikataa, limekataa."

"Utanichukia?"

"Ningekuwa nakuchukia ningekuacha uniwekee barafu? Ningekuwa nimekupiga na fimbo." Bibi alivuta taulo vizuri. "Lakini nitaumia, mjukuu wangu. Nisikudanganye. Nitaumia sana."

Hayo ndiyo maneno aliyolala nayo Chiriku kwenye godoro lake.

Alfajiri aliamshwa na ncha ya fimbo ikimgusa bega. Bibi alikuwa amesimama. Goti lilikuwa bado na uvimbe kidogo, lakini lilikunjika. "Amka, Katibu," alisema. "Kutoka hapa hadi gatini ni hatua ngapi?"

Chiriku aliruka, akatoka na nguo za kulalia, akazihesabu kwa mwendo wa Bibi na si kwa mwendo wake. Akarudi anahema. "Hatua mia moja na kumi na nane, Bibi. Zote tambarare. Katikati kuna benchi la kupumzikia."

"Sasa hiyo ndiyo taarifa," alisema Bibi.

Dirisha la tiketi lilikuwa palepale, limepakwa rangi mpya. Ndani alikaa msichana mdogo mwenye miwani. Bibi alisimama mbele ya dirisha lile, upande wa nje, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Nne," alisema. "Na kivuko cha mwisho kurudi ni saa ngapi, mwanangu?"

"Kinatoka huko saa kumi kamili, mama."

"Asante. Na ukichana tiketi, ikunje kwanza. Kishina kitatoka kimenyooka." Msichana alikunja, akachana, akatabasamu.

Walipokuwa katikati ya ziwa, Chiriku aliuliza, "Bibi, saa za kivuko unazijua kuliko nahodha. Mbona umeuliza?"

Bibi alikuwa ameshika nguzo ya kivuko, macho kwenye kisiwa kilichokuwa kikikua mbele yao.

"Kwa miaka yote ile dirishani," alisema, "nilikuwa na abiria wa aina mbili. Kuna waliouliza kivuko cha mwisho ni saa ngapi. Na kuna wale ambao hawakuuliza makusudi, kwa sababu walijua nitawaambia saa kumi, nao walitaka kukaa huko mpaka jua lizame. Hao ndio waliokuwa wakiachwa. Kesho yake walinijia juu kwa ukali: 'Mbona hukutuambia?' Na mimi nilikuwa nawajibu hivihivi: hamkuniuliza kwa kuwa jibu mlilijua." Akamgeukia mjukuu wake. "Uongo si lazima usemwe, Chiriku. Wakati mwingine mtu hudanganya kwa kufunga mdomo. Ukiona swali unaliogopa, hilo ndilo la kuuliza kwanza. Na ukipewa swali la mtu mwingine ulibebe, lifikishe. Si lako hilo la kulitupa njiani."

"Nimesikia, Bibi," alisema Chiriku. Safari hii hakuongeza neno.

Gati la kisiwani lilikuwa la mbao. Mhifadhi mmoja mwenye buti kubwa alikuwa akiwapokea wageni, akawaelekeza njia ya kwenda kwa kobe. Watu wakaanza kusukumana kumpita. Chiriku aliliacha kundi, akalitoa daftari lake mfukoni na kwenda kusimama mbele ya yule mhifadhi.

"Shikamoo. Naomba kuuliza. Kutoka hapa hadi kwa kobe, kuna ngazi ngapi?"

"Marahaba. Ngazi?" Mhifadhi alifikiri, akahesabu kwa vidole. "Saba. Zina ukingo wa kushikilia."

Chiriku aliandika: *Saba. Zina ukingo.* Kisha akarudi kwa Bibi na kumsomea kama ilivyo.

"Saba," alisema Bibi, akaikamata fimbo yake vizuri. "Saba naziweza. Nipe mkono, twende."